Reli ya mfano: Geji kwanza, fedha baadaye

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, hakuna reli. Anayetaka kuiona treni hulazimika kupanda basi, kupita Tukuyu na Uyole hadi Mbeya, inakopita Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA).

Hata hivyo, ipo treni inayoweza kufika hadi sebuleni, nayo ni treni ya mfano, iliyopunguzwa mara kadhaa na kuendeshwa kwa umeme mdogo juu ya meza.

Anayetaka kuijenga akiwa mbali na maduka ya vifaa hivyo hana budi kuagiza njia yake kutoka nje. Mzigo hufika baada ya majuma mengi, na gharama ya kuurudisha inaweza kuzidi thamani ya vifaa vyenyewe. Kwa sababu hiyo, uamuzi sahihi ni ule unaofanywa kabla ya fedha kutumwa.

Njia inayopindika ni nini?

Treni za kuchezea za watoto huja na vipande vifupi vya njia, vingine vimenyooka na vingine vimepinda tayari. Vipande hivyo humlazimisha mjenzi kufuata mikunjo ya kiwandani.

Njia inayopindika ni kipande kirefu cha reli mbili nyembamba, zilizoshikwa na mataruma ya plastiki yenye nafasi za kuachia. Mjenzi hukikunja kwa mkono kadiri apendavyo, kisha hukipigilia mezani.

Urefu uliozoeleka ni yadi moja, sawa na milimita 914. Watengenezaji wanaojulikana zaidi ni Peco wa Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946, pamoja na Atlas na Micro Engineering wa Marekani.

Njia ya Peco na ya Atlas hurudi kunyooka ikiachiwa, na hivyo hutoa mkunjo laini usio na vipembe. Ya Micro Engineering hubaki ilivyokunjwa, jambo linalofaa kwa fundi mwenye subira ya kuisawazisha.

Hesabu ya geji

Geji ni upana kati ya reli na reli. Tanzania Bara ina geji tatu. Reli ya Kati ya zamani na ile ya Tanga zina milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067, na reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435.

Tofauti ya milimita 67 kati ya TAZARA na Reli ya Kati yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyosababisha kujengwa kwa kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu mwaka 1998. Behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili.

Sheria hiyo haibadiliki mezani. Gurudumu la milimita 12 halitembei kwenye njia ya milimita 9, hata kama rangi na umbo la treni vinapendeza namna gani.

Njia za mfano zinazopatikana kwa urahisi zaidi ni za milimita 9 na milimita 16.5. Ya milimita 12 ipo pia, ingawa ni adimu kuliko hizo mbili. Ili kujua skeli inayofaa, mjenzi agawanye geji ya reli halisi kwa geji ya njia anayotaka kununua.

Kwa TAZARA, 1,067 ikigawanywa kwa 16.5 hutoa takribani 64.7, yaani skeli ya 1:64. Ikigawanywa kwa 12 hutoa 88.9, ambayo inakaribia 1:87. Ikigawanywa kwa 9 hutoa 118.6, inayokaribia 1:120.

Hesabu hii si ya nadharia tu. New Zealand, ambayo reli zake pia zina milimita 1,067, ina wajenzi wa mifano ambao kwa miaka mingi wametumia skeli za 1:64 na 1:120, ili wanunue njia za kawaida za milimita 16.5 na 9.

Mwenye kupenda SGR atumie njia ya milimita 16.5 kwa skeli ya 1:87, au milimita 9 kwa 1:160. Wa Reli ya Kati atapata nafuu kwa njia ya milimita 12 na skeli ya 1:87.

Chumba kina ukubwa gani?

Baada ya geji hufuata nafasi. Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote.

Behewa la mita 20 kwa skeli ya 1:64 lina sentimita 31, hivyo kona yake yahitaji nusu kipenyo cha sentimita 94. Meza ya kugeuzia treni hiyo itakuwa na upana wa karibu mita mbili.

Behewa hilohilo kwa skeli ya 1:120 lina sentimita 17 tu, na kona ya sentimita 50 yatosha. Kwa anayeishi katika chumba cha kupanga, hapa ndipo uamuzi unapokamilika.

Duara kamili la nusu kipenyo cha sentimita 50 lina urefu wa mita 3.14. Vipande vinne vya milimita 914 hutoa mita 3.66, hivyo vinatosha na kubakiza kidogo.

Madini na kimo cha reli

Namba zinazoandikwa kwenye pakiti, kama 100, 83, 75 na 55, ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi. Namba 100 ni milimita 2.54, na namba 75 ni milimita 1.9.

Reli fupi hupendeza macho zaidi. Hata hivyo, magurudumu ya mifano ya zamani yana kingo ndefu zinazogonga mataruma, hivyo mwenye injini za mtumba achague namba kubwa.

Kuhusu madini, Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, na unyevu wake haufai kwa reli ya chuma, ambayo hushika kutu. Reli ya shaba ya manjano hufanya utando unaozuia umeme. Inayofaa zaidi ni ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ingawa nayo huhitaji kupanguswa mara kwa mara.

Mataruma nayo yana habari yake. TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ililazwa juu ya mataruma ya zege. Njia za mfano zenye sura ya zege zipo kwa milimita 16.5, ila mataruma yake yamepangwa kwa skeli ya 1:87. Kwa skeli ya 1:64, baadhi ya wajenzi hukata viunganishi vya chini na kuyatanua.

Namna ya kuagiza

Kikwazo kisichotarajiwa ni urefu. Vifurushi vidogo vinavyosafirishwa kimataifa kwa utaratibu wa barua haviruhusiwi kuzidi milimita 600 kwa upande mrefu, na jumla ya urefu, upana na kina isizidi milimita 900. Kipande cha milimita 914 hakiingii humo.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kutumia huduma ya vifurushi vikubwa au shehena ya ndege, ambayo huwa na nafuu iwapo watu kadhaa watachangia boksi moja. Boksi la Peco la vipande 25 lina takribani mita 22.8 za njia.

Ya pili ni kumwomba muuzaji akate kila kipande katikati, kiwe milimita 457. Viungo vitaongezeka maradufu na kulehemu kutakuwa kwingi zaidi, lakini mzigo utakubalika kama kifurushi kidogo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize pia kuhusu ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, kisha ajumlishe nauli ya mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Kyela.

Vifaa vingine vyapatikana nchini: mbao za plaiwudi, gundi, misumari midogo, nyaya na lehemu kama atumiayo fundi redio. Mchanga wa kuigiza kokoto uoshwe, ukaushwe, kisha upitishwe sumaku, kwa kuwa chembe za chuma huharibu mota.

Wakati wa kutandika

Plaiwudi ipakwe rangi pande zote mbili ili isivimbe kwa unyevu. Reli nazo hutanuka: mita 10 za njia huongezeka zaidi ya milimita 3 joto likipanda kwa nyuzi 20. Mwanya mdogo uachwe kwenye viungo vya sehemu zilizonyooka.

Kwenye kona, vipande viwili vilehemiwe vikiwa bado vimenyooka, ndipo vikunjwe pamoja. Reli ya ndani itachomoza, kwa milimita 26 kwenye kona ya nyuzi 90 kwa njia ya milimita 16.5, haidhuru kona iwe pana au nyembamba. Kilichochomoza hukatwa na ncha kupigwa tupa.

Kwa anayeanza, tahadhari iliyo nafuu kuliko zote ni kuagiza kwanza kipande kimoja tu pamoja na behewa moja, na kulisukuma kwa kidole juu yake. Likipita bila kugonga wala kuanguka, ndipo boksi zima lilipiwe.