Mhandisi Katika Uongozi wa Chuo: Prof. Matthew Luhanga na Mlimani, 1991–2006

Neno mhandisi tumelipokea kutoka Kiarabu, na wajuzi wa nasaba za maneno wasema ya kwamba Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi, ambako shina lake lilikuwa na maana ya kipimo. Asili hiyo yafaa sana kutangulizwa katika habari za mtu aliyetolewa kwenye ufundi wa mawasiliano ya simu, akakabidhiwa chuo kikuu. Maana jambo la kwanza alilolitaka huko lilikuwa kipimo.

Prof. Matthew Luhanga alisomea uhandisi wa umeme huko Marekani, kisha akafundisha katika Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1991 alishika mahali pa Prof. Geoffrey Mmari, akawa Makamu Mkuu wa Chuo. Msomaji mgeni asidanganywe na neno makamu: Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, na mwenye kuendesha kazi za kila siku ndiye huyo makamu. Alidumu humo hadi 2006, na hakuna mwingine aliyekaa muda mrefu kama huo.

Aliingia wakati mgumu. Mwezi wa Mei 1990 Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migogoro ya wanafunzi, fedha za Serikali zilikuwa haba, na walimu wengi walikuwa wamekwenda nchi za nje kutafuta riziki. Mwaka 1994 ulianza mpango mrefu wa mageuzi: kila idara ieleze kazi yake, iweke malengo, ipimwe. Kila mwaka kilifanywa kikao cha mashauriano, Serikali, wafadhili na wanachuo wakikutana kuulizana kilichotendeka na kilichosalia. Wanafunzi waliokuwa elfu tatu hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipita elfu kumi kabla hajaondoka, na mwaka 2005 vikaongezwa vyuo vishiriki vya ualimu, Chang'ombe na Mkwawa.

Walakini hesabu hizo zina upande wa pili, nao umehifadhiwa katika msamiati wa wanafunzi kuliko katika taarifa za ofisi. Vitanda havikuongezeka kwa kasi ya vichwa. Ndipo likaenea neno kubebana, yaani mwenye chumba kumlaza mwenziwe asiye nacho. Pesa za kujikimu ziliitwa bumu, na zikichelewa neno hilo lilisikika kila pembe. Tangu miaka ya 1990 Serikali ilikuwa ikiwataka wanafunzi na wazazi wachangie gharama, hata ikaundwa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Msemo rasmi ulikuwa kuchangia gharama. Wanafunzi wengi walijiona wanatozwa. Mtafiti wa semantiki asiupuuze mwachano huo.

Nami nina neno juu ya lugha. Chuo hiki ndicho chenye taasisi kongwe ya uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mizizi yake ni Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Mwaka 1990, kabla tu ya Luhanga kushika uongozi, ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Na 1996, mageuzi yakiwa yamepamba moto, ikatoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili. Hata hivyo mpango wenyewe wa mageuzi uliandikwa kwa Kiingereza. Simlaumu Luhanga peke yake, kwani wafadhili walitaka kusoma, na uhandisi ulifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Lakini mpango uliowataka watumishi wote, na dereva na mpishi wakiwamo, wabadili mwendo wao wa kazi, ulistahili kuandikwa kwa lugha waliyogombania hoja zao.

Mwaka 2009 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, *The Courage for Change: Re-Engineering the University of Dar es Salaam*. Tazama lile neno Re-Engineering katika jina hilo: chuo kimefananishwa na mtambo uliofunguliwa, ukasafishwa, ukaundwa upya. Kwa Kiswahili tumezoea kusema mageuzi tu, na sura ya mtambo yapotea. Badala yake laja neno ambalo mwaka 1992 lilikuwa kinywani mwa kila mtu aliyedai vyama vingi. Mhandisi alikusudia mashine, na wasikilizaji wake wa Kiswahili wakasikia siasa.