Tembo, Askofu na Zawadi ya Noeli



Kila Majilio yanapokaribia ukingoni, wazazi hutuuliza swali moja: "Baba Paroko, kijana wangu hapendi mpira wala muziki, anapenda michezo ya kufikiri. Nimpe nini Noeli hii?" Swali hilo laonekana dogo, lakini nyuma yake ipo historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo inaigusa ardhi hii tunayoikanyaga hapa Inyonga. Juma hili tumeona vema tulijibu kwa kurudi nyuma kidogo.

Mchezo ambao Waswahili huuita sataranji ulizaliwa India yapata karne ya 6. Kutoka huko uliingia Uajemi, kisha kwa Waarabu, na kutoka kwa Waarabu lugha yetu ikapata jina lake. Ulikuwa ni mfano wa jeshi la kale: mfalme na mshauri wake, farasi, magari ya vita, askari wa miguu, na pembeni mwa mfalme na mshauri wake, tembo wawili. Sisi wa Katavi hatuhitaji kuelezwa tembo ni nani. Lakini huenda wengi wetu hatukujua kwamba tembo wa Afrika Mashariki waliingia katika mchezo huo kwa njia nyingine, iliyo chungu zaidi.

Msafiri Mwarabu al-Masudi alifika pwani yetu karibu na mwaka 916. Katika kitabu alichokiandika miaka ya 940 alieleza kwamba pembe za ndovu zilitoka nchi ya Zanji, zikapelekwa Oman, na kutoka Oman zikasafirishwa hadi India na China. Akaongeza kwamba huko India zilichongwa mipini ya visu na ya panga, lakini matumizi makubwa kupita yote yalikuwa kutengenezea kete za sataranji na za mchezo mwingine wa mezani. Basi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bara letu lilitoa kete, na watu wake hawakukaribishwa mezani.

Biashara hiyo haikukoma. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika ilikatiza Ukonongo. Stanley mwenyewe alipita nchi hii mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wakati huo pembe zilitakiwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya vinanda, mipira ya biliadi na vitana. Mabega ya watu ndiyo yaliyozibeba hadi pwani, na katika njia hizo hizo za misafara walipitishwa pia watumwa. Yafaa tukumbuke jambo hili kila tunapokishika kitu kizuri cha anasa: nani alikibeba, na alilipwa nini?

Tembo wa mezani naye alikuwa na safari yake. Mchezo ulipofika Ulaya, watu wengi wa huko hawakuwa wamewahi kumwona tembo. Waingereza wakamwita askofu. Mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, zilifukuliwa kete za karne ya 12, nyingi zikiwa zimechongwa kwa pembe za mnyama wa baharini, na kati yake wamo maaskofu waliovaa kofia zao za kiaskofu. Hivyo ndivyo tembo alivyopewa daraja takatifu bila kupitia seminari!

Kanisa halikuupokea mchezo huo kwa moyo mmoja. Katika miaka ya 1060 Mtakatifu Petro Damiani, akiwa Kardinali, alimwandikia Papa Aleksanda II kuhusu Askofu wa Firenze aliyemkuta akicheza sataranji. Askofu alijitetea kwamba sataranji si sawa na kamari ya dadu, ambayo sheria za Kanisa ziliikataza. Damiani hakukubali. Alimpa kitubio: asali Zaburi zote mara tatu, kisha awaoshe miguu maskini 12 na kuwapa sadaka. Hata hivyo, baada ya karne kadhaa Mtakatifu Teresa wa Avila aliutumia mchezo huo huo kuwafundisha watawa wake juu ya sala na unyenyekevu, na padre Mhispania Ruy López akachapa kitabu juu yake mwaka 1561.

Tukiutazama ubishi huo leo, twaona kwamba askofu yule alikuwa na hoja. Dadu humtegemeza mtu katika bahati. Sataranji humrudisha katika akili, subira na kukiri kosa lake mwenyewe. Na hoja hiyo yatuhusu sana. Vijana wetu wengi, na baba zao pia, hukesha wakipanga mikeka ya kubeti katika simu, na fedha ya mahindi au ya asali huyeyuka kabla haijafika nyumbani. Katekisimu, katika namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati si dhambi kwa yenyewe, bali haikubaliki inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine. Tukimwambia kijana "acha" bila kumpa kitu cha kushika badala yake, tumefanya nusu ya kazi.

Nasi tunacho cha kumpa. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Ubao wa sataranji una miraba 64 na kete 32. Ni kama mapacha walioachana utotoni. Ndugu zetu Wasukuma nao wana isolo yao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na baada ya hapo hakuna bahati: anayeshindwa hana wa kumlaumu. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt mwaka 1995 alitoa kitabu kizima juu ya ubingwa wa wachezaji wake wa Zanzibar.

Huko Katwe, Kampala, mwaka 2005, binti maskini Phiona Mutesi alimfuata kaka yake mahali ambapo Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mwaka 2012 binti huyo aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul na kurudi na daraja la kimataifa. Tuangalie vizuri: alipewa kete, alipewa uji, na alipewa mtu wa kuketi mbele yake.

Hilo ndilo jibu letu kwa mzazi. Mwendee fundi seremala akuchongee bao la mninga, au ubao wa miraba na kete zake. Pembe za ndovu tuwaachie ndovu wenyewe. Fedha ikikosekana, vizibo vya soda na kipande cha boksi vyatosha kwa drafti, na kokoto laini zatosha kwa bao. Lakini usiikabidhi zawadi hiyo ukaondoka. Mvua za Desemba zikikuzuia kwenda shambani, keti. Cheza. Kubali kushindwa na mwanao. Na kama yupo mzee jirani aliyebaki peke yake na bao lake ukutani, mtume kijana akamwombe amfundishe. Zawadi itakuwa imewafikia wawili.

Ardhi hii ilitoa kete kwa karne nyingi ili wengine wacheze. Noeli hii watoto wake nao wakaribishwe mezani.

Tunawatakia nyote maandalizi mema.