Kibali Kutoa Ituri

Kuanzia 1962 hadi 1966, Aru, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ilikuwa ndani ya jimbo lililoitwa Kibali-Ituri. Makarani wa wakati huo waliligonga jina hilo kwenye taipureta, na kile kistari cha katikati hakikumsumbua mtu. Leo kijana wa Bunia akiliita jedwali la hifadhidata yake kwa jina hilohilo bila kulifungia ndani ya alama za nukuu, mashine itaona hesabu: Kibali kutoa Ituri. Itagoma papo hapo, idai kuna kosa la sintaksia karibu na kistari.

Jimbo lenyewe limebatizwa mara nyingi. Mwaka 1966 lilirudishwa katika Jimbo la Mashariki. Mwaka 1971, nchi ilipogeuka Zaire, likawa Haut-Zaïre, lenye kistari na vitone viwili juu ya herufi i. Mwaka 1997 jina la zamani likarudi, na 2015 Ituri ikasimama peke yake, bila kistari. Majirani zetu wa Haut-Uélé bado wanacho.

Rais Mobutu aliagiza mwaka 1972 raia waache majina ya Kikristo. Miaka hiyohiyo, huko California, watu wa IBM walikuwa wanaandaa orodha yao ya majina yasiyoruhusiwa, kwa nia nyingine kabisa. Mmoja wao, Edgar Codd, alikuwa ameeleza mwaka 1970 jinsi data inavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, wakaiita SEQUEL. Ili mashine ielewe wapi swali linaanza na wapi linaishia, maneno kama select, table, order na group yalitengwa. Kichekesho ni kwamba wao wenyewe walinyang'anywa jina: SEQUEL ilikuwa tayari alama ya biashara ya Hawker Siddeley, kampuni ya ndege ya Uingereza. Ndiyo maana leo tunasema SQL.

Haikuwa lazima mambo yawe hivyo. Lugha ya Fortran ya 1957 haikutenga neno hata moja, na PL/I, nayo ya IBM, ilimruhusu mtu kukipa kigeu chake jina la IF akitaka. COBOL ndiyo iliyojitwalia maneno kwa mamia. SQL ikafuata njia ya COBOL, na kiwango chake cha 1992 kilikuwa na maneno zaidi ya 200 yaliyotengwa. Orodha haikufungwa hapo: mfumo wa hifadhidata wa MySQL, katika toleo la 8.0 la 2018, uliongeza rank na groups, na aliyekuwa na jedwali la groups kwa miaka akakuta maswali yake ya jana yamekuwa makosa.

Anayeandika kwa Kiingereza huzoea kuyakwepa maneno hayo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliokulia Eldoret, Kenya, tangu 2004, una majedwali ya patient, person na encounter, yote kwa umoja; lakini maagizo ya daktari yamo katika orders, kwa wingi. Order kwa umoja SQL imelitwaa kwa kazi ya kupanga mistari.

Kwetu Kifaransa ndicho kinachoponza, kwa kuwa kimechangia maneno mengi na Kiingereza. Mwanafunzi wa sekondari ya Kongo husajiliwa kwa section na option yake, na hati zake zitakwenda naye hadi Examen d'État. Mtu anayetengeneza jedwali la wanafunzi katika MySQL ataandika safu hizo bila kufikiri. Section itapita. Option itakataliwa, kwa maana imetengwa.

Kiswahili hapa kina raha yake. Agizo, kundi, tarehe, mtumiaji: hakuna Mmarekani aliyeyawahi. Ila Aru ni nchi ya mifugo, na siku ya kuingiza mifugo huja. Thamani ya maandishi katika SQL hufungwa kwa ritifaa mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Andika 'ng'ombe' na mashine itasoma ng, ione maandishi yamekwisha, halafu ishangae hiyo ombe inatafuta nini nje. Dawa ni kuiandika ritifaa ya katikati mara mbili. Wenzetu wanaosema ngombe, kwa Kilingala au kwa Kiswahili cha Bunia, hawana shida hiyo. Wa sanifu ndio tunaojikwaa.

Kilugbara kina jambo gumu zaidi. Kinasemwa Aru na ng'ambo ya mpaka, Arua nchini Uganda, na katika maandishi yake ritifaa ni sehemu ya herufi, hata mwanzoni mwa neno. 'Ba maana yake ni watu. Liweke neno hilo kati ya ritifaa zako mbili kama lilivyo, na mashine itaona maandishi yamefunguliwa na kufungwa palepale, matupu, na ba imebaki nje.