Visiwa vya Kongosho na Chakula cha Mama

Sisi watu wa Goma twayajua mawe. Kuta zetu tumezijenga kwa mawe ya Nyiragongo, na mwaka 2002 moto wake ulipita katikati ya mji. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa elimu ya mawe ndiyo iliyowafundisha wataalamu kupima chembe zinazotunza sukari mwilini.

Ndani ya kongosho vimetawanyika vikundi vya chembe, kama Idjwi na visiwa vingine katika Ziwa Kivu. Kijana Mjerumani, Paul Langerhans, aliviona mwaka 1869 akiwa na miaka 21, asijue kazi yake. Ndivyo vitoavyo insulini, jina lililotoka katika Kilatini: insula, yaani kisiwa. Ikipungua, sukari huzidi katika damu.

Basi, mtu anavyo vingapi? Mwaka 1911 R. R. Bensley wa Chicago alivitia rangi visiwa vya simbilisi, wanyama wadogo tunaowafuga hata hapa Kivu, akavihesabu. Lakini hesabu peke yake haitoshi, maana kisiwa kimoja ni kikubwa na kingine ni kidogo. Hapo ndipo mawe yalipofaa. Mfaransa Achille Delesse, mwaka 1847, alionyesha ya kuwa ukilikata jiwe, sehemu ya kila madini katika uso uliokatwa, kwa wastani, ni sawa na sehemu yake katika jiwe zima. Vivyo hivyo kongosho la panya hukatwa vipande vyembamba sana, chembe za insulini hutiwa rangi, eneo lake hupimwa kwa hadubini, kisha sehemu hiyo huzidishwa kwa uzito wa kongosho lote.

Kazi hii ndogo ilifunua jambo kubwa. Mwaka 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, waliwalisha panya wenye mimba chakula chenye protini asilimia 8 badala ya 20. Watoto walipopimwa karibu na kuzaliwa, visiwa vyao vilikuwa vidogo, chembe zake ziliongezeka polepole, na mishipa yake ya damu ilikuwa haba.

Kweli, panya si mtu. Lakini mwaka 1998 ilitangazwa habari ya watu wa Amsterdam waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945: walipofikia miaka 50 hivi, miili yao ilikuwa dhaifu kuitawala sukari.

Wasomaji wapenzi, hapa kwetu vita vimewaondoa mama wengi katika mashamba yao, na baadhi yao wana mimba. Asilaumiwe mama aliyekosa chakula. Bali tukimpelekea sahani ya maharage au sambaza, tujue ya kuwa tumewalisha wawili, na yule asiyeonekana ataikumbuka sahani ile katika mwili wake hata uzeeni.