Sauti Iliyomo Ndani ya Kioo

Historia ya televisheni katika nchi zetu imezoeleka kuandikwa kwa minara, mitambo na majina ya waliokata utepe. Iko historia ya pili ambayo haijapata mwandishi wake, nayo ni historia ya sikio: kioo kilipowaka sebuleni, kilisema kwa lugha gani, na waliokaa mbele yake waliondoka na nini? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa mfano ulio mbali kidogo na mazoea yetu. Mtu akae nyumbani kwake Nyakato, katika mji wa Musoma, atazame televisheni ya Kijapani kwa nia ya kujifunza Kijapani. Kipi kitamsaidia, na kipi kitamzuia?

Sisi wa visiwani tulitangulia kuonja jambo hili. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara. Kabla ya hapo, majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yalikwisha kuzoesha watu filamu za Kihindi zisizobadilishwa sauti. Mtazamaji aliisikia lugha yenyewe, kwa kicheko chake na kilio chake. Wapo walioondoka na maneno, wapo walioondoka na nyimbo nzima, na taarab yetu ikaondoka na mahadhi. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na sauti iliyoachwa kama ilivyo, na sikio lililorudi kwayo mara kwa mara.

Nyakato haikupitia njia hiyo. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuanzisha televisheni Tanzania Bara, na vituo vya kwanza vya huko vilianza mwaka 1994, miaka tisa baada ya yeye kuondoka madarakani. Kwa hivyo mkoa wa Mara ulilelewa na redio. Hata Japani yenyewe ilifika kwa redio kwanza, maana Radio Japan ya shirika la NHK ilitangaza kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Mwaka 2015 NHK ilitoa masomo 48 ya Kijapani yaliyomfuata mwanafunzi wa kubuni, Anna kutoka Thailand, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kufundishia. Aliyetaka Kijapani akiwa kando ya Ziwa Nyanza aliweza kukipata bila ya kupita kwanza katika Kiingereza.

Picha, kinyume cha redio, ina tabia ya kuvuliwa sauti yake njiani. Tamthilia ya Oshin, iliyorushwa na NHK mwaka 1983 hadi 1984 katika sehemu 297, ilizunguka dunia, lakini katika nchi nyingi Oshin alisemeshwa lugha ya wenyeji. Katuni ya Captain Tsubasa ilifika nchi za Ghuba kwa jina la Captain Majid, ikizungumza Kiarabu fasaha. Jamaa zetu waliolea watoto Maskati wanaijua ajabu hii: picha imechorwa Japani, na mtoto anayeitazama hufunzwa Kiarabu cha vitabuni. Huku kwetu, mwaka 2011, televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou kwa sauti za Kiswahili. Na katika vibanda vya video Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe, akiongeza utani na maelezo hadi filamu ikawa nusu yake. Kazi hiyo ni ya heshima, nami ninayeishi kwa kufasiri siwezi kuibeza. Lakini fasiri humpa mtazamaji hadithi kwa kumnyima lugha. Hata chaneli ambayo Japani huirusha kwa ajili ya wageni husema Kiingereza. Anayetaka Kijapani chenyewe hana budi kukitafuta, na dishi au king'amuzi pekee havitoshi.

Tuseme amekipata. Sikio la Mswahili halianzi mbali. Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kirefu na kifupi hutenganisha maana: obasan ni shangazi au mama mdogo, na obaasan ni bibi. Wageni wengi huliona hilo kuwa gumu, ilhali sisi tunazitenga kufa na kufaa tangu utotoni. Wenye kutunga mashairi watafahamu zaidi, kwa sababu Kijapani hupimwa kwa mapigo ambayo hayako mbali na mizani zetu. Obasan ina mapigo manne, o-ba-sa-n. Obaasan ina matano, o-ba-a-sa-n. Ile n ya mwisho huhesabiwa peke yake, kama tunavyoihesabu m ya mtu au n ya nchi. Anayejua kwa nini mtu ni mizani mbili amekwisha kupata nusu ya somo.

Nusu ya pili ndiyo inayotushinda sisi wa pwani. Kijapani hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno. Katika lafudhi ya Tokyo, ame ikianza juu na kushuka ni mvua, na ikianza chini na kupanda ni peremende. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni zake. Kimebaki na mkazo, ambao kwa kawaida hukaa pahala pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho. Masikio yetu hayakuzoea kuuliza kama sauti imepanda au imeshuka ndipo yaijue maana ya neno.

Hapo ndipo Nyakato inapotupita. Musoma ni mji wa Wajita, Wakwaya, Wakurya, Wajaluo na wengine. Kijita na Kikurya ni lugha za toni, na wanaisimu wameziandikia tasnifu kwa sababu hiyo. Mfumo wa toni wa Kijita si ule wa Kijapani, wala hapana neno litakalohama kutoka huku kwenda kule. Lakini mtoto aliyelelewa kwa Kijita amezoea tangu kunyonya kwamba kupanda kwa sauti ni sehemu ya neno. Akikaa mbele ya tamthilia ya Kijapani atasikia kitu ambacho mwenzake wa Unguja hupitwa nacho. Lugha ya bibi yake, ambayo mara nyingi huambiwa aiache mlangoni ili aendelee, ndiyo iliyolitayarisha sikio lake.

Tusikipe kioo sifa isiyo yake. Kioo hakijibu wala hakisahihishi. Mwenye kujifunza kwa katuni tupu atajiita ore, neno la mwanamume mbele ya rafiki zake, hata pale anapopaswa kumwambia mkubwa watashi au watakushi. Sisi tunaotofautisha mambo na shikamoo tutalitambua kosa hilo upesi. Tamthilia ichanganywe na taarifa ya habari, kipande kifupi kirudiwe mara kumi, na maneno yatamkwe kwa sauti.

Yu hapa Mwalimu mwenyewe kuwa ushahidi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kukua kwa Kizanaki. Mwaka 1934 aliingia skuli ya Mwisenge, Musoma, ndiko alikokutana na Kiswahili cha darasani. Mtu huyo ndiye aliyekuja kutufasiria tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kizanaki hakikumzuia kuzifikia lugha hizo mbili.

Hata hivyo utaratibu wetu wa utangazaji umezitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za hewani, na nyingine huhitaji idhini. Ulikuwa na sababu zake, umoja wa taifa ukiwa ya kwanza, na matunda yake tumeyala sote. Lakini gharama yake haijahesabiwa. Mtoto wa Nyakato leo aweza kuitafuta sauti ya Tokyo akaipata ndani ya chumba chake, na asiisikie sauti ya Kijita kwenye kioo hichohicho. Siku bibi yake atakaponyamaza, mjukuu hatapoteza Kijita peke yake. Atapoteza na lile sikio ambalo lingemfikisha katika lugha za mbali.