Kishikio cha Koleo la Biopsia na Saratani ya Umio Bomet

Koleo la biopsia hung'ata kipande kidogo cha nyama mwilini ili kipimwe kwa hadubini. Katika kaunti ya Bomet, kuanzia Longisa kwenye barabara ya Narok hadi mashamba ya chai yanayopakana na Kericho, koleo hili lina kazi moja kubwa kuliko nyingine zote: kuthibitisha saratani ya umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Meno yake hufanya kazi ndani ya kifua cha mgonjwa, na mkono unaoyaamrisha uko nje, zaidi ya mita moja kutoka hapo. Baina ya mkono na meno kuna kishikio, na mabadiliko makubwa ya chombo hiki yameanzia hapo.

Kishikio chema kina kazi tatu. Kwanza, kikae mkononi bila kuteleza, hata glavu ikilowa damu au mate. Pili, kifikishe nguvu ya vidole kwenye meno bila kuizidisha wala kuipoteza njiani. Tatu, kimrudishie mshikaji habari: nyama ni laini au ngumu, meno yameuma au yamepita tu. Ni nadra chombo kimoja kuzitimiza zote tatu sawasawa. Kila kizazi cha vyombo kiliboresha moja na kupunguza nyingine.

Hadi katikati ya karne ya 19, visu na makoleo ya wapasuaji wa Ulaya vilikuwa na mipini ya mti mgumu mweusi, ya pembe za wanyama au ya pembe za ndovu. Biashara ya pembe za ndovu wakati huo ilikuwa na soko kubwa Zanzibar, ambako misafara ya bara ilishusha mizigo yake kabla haijasafirishwa ng'ambo na kugeuzwa mipini ya visu na vibao vya piano. Mipini ya namna hiyo ilishikika vizuri: haikuwa baridi, haikuteleza upesi, na iliweza kuchongwa ifuate kiganja. Ilipofahamika kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda, vyombo vilianza kuchemshwa na kupigwa mvuke. Mti ulipasuka, pembe ilichanika, na maungio ya mpini na chuma yakawa maficho ya uchafu. Karne ilipokaribia kwisha, vyombo vingi vilikuwa vya chuma kitupu.

Chuma kitupu kilikuwa safi, lakini kiliteleza. Tiba zilikuwa mbili. Moja ni kuchanja mistari midogo kwenye chuma ili vidole vipate mahali pa kukamata. Nyingine ni pete za kupitisha vidole, kama za mkasi. Mfano wa tiba ya kwanza ni kitobozi cha ngozi kilichoelezwa na daktari Edward Keyes wa Marekani mwaka 1887: mrija mfupi wenye makali ya duara, ambao huzungushwa baina ya vidole hadi ukate kipande cha ngozi. Kitobozi hicho bado kiko kwenye kliniki za ngozi, na umbo lake halijabadilika sana.

Umio ulikuwa na ugumu wake, kwa sababu hauonekani wala haufikiki kwa kidole. Mwaka 1868, huko Freiburg, Adolf Kussmaul alimtumia mtu aliyezoea kumeza panga jukwaani ili kuonyesha kwamba mrija ulionyooka unaweza kupita hadi tumboni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Chevalier Jackson wa jimbo la Pennsylvania aliukuza ufundi huo kwa mirija yenye taa ndogo kwenye ncha. Ndani ya mrija kulipita koleo refu, lililonyooka, lenye pete za vidole. Pete hizo ziliwekwa upande, nje ya mstari wa fimbo, kwa sababu mkono ulionyooka na fimbo ungeziba jicho linalochungulia. Fimbo ngumu ilileta habari nyingi mkononi. Ugumu wa uvimbe ulihisiwa mara moja. Ila fimbo hiyo hiyo ilipeleka nguvu nyingi mno, na kutoboa ukuta wa umio kulikuwa hatari ya kila siku. Mgonjwa naye alipaswa kulala shingo ikiwa imekunjwa nyuma.

Viungo vingine vilipata sindano. Sindano ya Silverman ilitokea mwaka 1938, na ile ya Menghini, iliyochukua kipande cha ini kwa muda wa sekunde moja, ikaelezwa mwaka 1958. Sixten Franzén wa Sweden alilifunga bomba la sindano kwenye kishikio cha umbo la bastola, mkono mmoja ukatosha kuvuta na wa pili ukabaki huru kushika uvimbe. Mwaka 1971 Khosrow Jamshidi alieleza sindano ya uboho yenye kishikio kipana kilichokaa kama herufi T; kiganja chote husukuma, hivyo mfupa hupenywa bila kuumiza ncha za vidole. Katika miaka ya 1980 Per Lindgren, pia wa Sweden, alileta sindano ya springi. Hapo nguvu ilitoka mkononi ikahamia ndani ya chombo. Kazi ya kishikio ikabaki kutulia, na kuwa na kizuizi ili springi isifyatuke kabla ya wakati.

Afrika Mashariki, vipande vya nyama vilisaidia kujua ni saratani zipi zinapatikana wapi. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, kisha akazunguka nchi nyingi akiuchora kwenye ramani. Mwaka 1969, N. Ahmed na P. Cook walichapisha katika British Journal of Cancer makala kuhusu wingi wa saratani ya umio magharibi mwa Kenya. Hesabu za namna hiyo zinahitaji ushahidi. Mgonjwa ambaye chakula hakishuki anaweza kuwa na kovu, fangasi au saratani. Bila kipande kilichosomwa na mtaalamu wa patholojia, jina la ugonjwa hubaki la kukisia.

Bomet, kazi hiyo iliiangukia zaidi Hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamisionari katika miaka ya 1930. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, aliwasili mwaka 1959. Mwaka 1987 hospitali ilianza kupata umeme kutokana na maporomoko ya mto Nyangores, jambo lenye uzito kwa chombo ambacho hakioni bila taa. Kufikia wakati huo, mrija mgumu ulikuwa umepata mrithi. Basil Hirschowitz na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1957, huko Michigan, kwamba nyuzi za kioo zinaweza kubeba picha ndani ya mrija unaopinda. Katika miaka ya 1960 mirija hiyo iliongezewa tundu la kupitishia koleo.

Mrija unaopinda ulidai koleo linalopinda. Fimbo ikaondolewa, na mahali pake ukawekwa waya mwembamba ndani ya ala ya springi. Koleo la kawaida la umio na tumbo lina urefu wa sentimita 160 hivi na hupita kwenye tundu la milimita 2.8. Nchani kuna vikombe viwili vidogo vinavyokutana kama taya, na mara nyingi katikati yake kuna mwiba unaozuia nyama isichomoke. Mwisho wa pili ndio kishikio: kipande kilichonyooka chenye pete moja ya dole gumba, na juu yake gurudumu dogo linaloteleza mbele na nyuma, lenye kiuno cha kukaa kidole cha shahada na cha kati. Gurudumu likisukumwa mbele, vikombe hufunguka. Likivutwa kuelekea dole gumba, hufunga.

Mpangilio huo una sababu. Waya ni hodari wa kuvutwa kuliko kusukumwa. Ukisukumwa kwa nguvu hujikunja ndani ya ala. Kwa hiyo kazi nyepesi ya kufungua ilipewa msukumo, na kazi nzito ya kuuma ikapewa mvuto. Mkono wa binadamu nao una nguvu zaidi unapokunja vidole kuliko unapovinyoosha. Hasara ni kwamba waya humeza habari. Msuguano ndani ya ala, hasa mrija ukiwa umepinda sana, humfanya mshikaji adhani ameuma nyama ngumu kumbe anapambana na waya. Akibana kupita kiasi, waya hulegea au kukatika, na kipande hupondwa hadi seli zake zisisomeke.

Jambo jingine lililobadilika ni mwenye mkono. Daktari anaushika mrija kwa mikono miwili, hivyo kishikio cha koleo mara nyingi kiko kwa muuguzi aliyesimama kando yake. Amri ni mbili, "fungua" na "funga", na macho ya wote wawili yako kwenye skrini. Kwa uvimbe unaotiliwa shaka inapendekezwa vichukuliwe vipande sita au zaidi, kwa sababu sehemu ya juu ya saratani mara nyingi imeoza na haina seli za kusomeka. Wagonjwa wakiwa wengi, muuguzi mmoja hufunga koleo mara nyingi sana kwa siku. Pete iliyotengenezwa kwa dole kubwa humlegea mwenye mkono mdogo, naye hulazimika kubana zaidi ili isizunguke. Pete nyembamba hukata ngozi ndani ya glavu. Watengenezaji walijibu kwa pete pana zaidi, pete zinazojizungusha na magurudumu yenye viuno vipana.

Vipande vilivyochukuliwa Bomet vimeandika historia ya saratani ya umio huko. Mwaka 2002 Russell White na wenzake walieleza katika jarida la Lancet jinsi saratani ya umio inavyowapata hata vijana wa Bomet, jambo ambalo ni nadra kwingineko. Mwaka 2010 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 109 wa Tenwek wenye umri usiozidi miaka 30. Taarifa ya mwaka 2009 ilihusu wagonjwa 951 waliowekewa mirija ya waya ya kutanua umio kuanzia mwaka 1999 ili waweze kula tena. Baadaye uchunguzi ulihamia kwa watu wasio na dalili yoyote: umio hupakwa rangi ya iodini, na sehemu inayokataa rangi ndiyo inayoumwa na koleo. Shabaha hiyo ni tambarare na ndogo, nayo iko kwenye ukuta unaokwenda sambamba na koleo. Hapo utulivu wa kishikio una thamani kuliko nguvu yake.

Longisa kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, iliyo chini ya serikali ya Bomet tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013. Katika hospitali za ngazi hiyo, suala la kishikio huambatana na bajeti. Koleo la chuma la kutumiwa tena hudumu kwa miezi mingi, lakini ala yake ya springi huficha damu na lazima isuguliwe, ioshwe kwa mawimbi ya sauti na kupigwa mvuke kila mara. Koleo la kutumiwa mara moja huondoa kazi hiyo, na kishikio chake cha plastiki ni chepesi na chenye pete pana. Ila plastiki hiyo haikutengenezwa kuvumilia mvuke, na kulitumia tena kunaweza kuambukiza mgonjwa anayefuata. Mnunuzi analinganisha bei ya kipande kimoja na gharama ya kusafisha. Mtumiaji anapaswa kukagua mambo matatu kabla mgonjwa hajaingia: gurudumu linateleza bila kukwama, vikombe vinakutana sawasawa, na pete inamkaa yule atakayeishika siku hiyo.