Zaburi za Mbale

Sisi wa Mji Mkongwe twajua kwamba Maulidi ya Barzanji hayasomwi kimoyomoyo. Msomaji hutoa sauti, watu wakaitikia. Kwa hiyo Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, si wageni sana kwetu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, alishika Torati mwaka 1919, akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Lakini kitabu peke yake, jamani, kingewafikisha wapi? Idi Amin alipopiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi waliiacha. Wachache wakasali mafichoni. Katika rekodi ya nyimbo zao iliyotoka Marekani mwaka 2003, zaburi za Kiganda zimo. Mimi naiweka kwenye fasihi simulizi, wala si muziki mtupu.